Base Camp ya Nakivale: Mtoto wa Miaka Minne na Mlango wa Shule

Msafiri atokaye mjini Mbarara kwenda Nakivale hushika barabara ya lami ielekeayo Isingiro na Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Kulia na kushoto huona migomba iliyopanda mpaka vileleni mwa vilima, kwa maana Isingiro ni mojawapo ya maghala ya matoke ya Uganda. Na mara kwa mara gari hupunguza mwendo ili kuwapisha ng'ombe wa Ankole, wenye pembe ndefu kama pinde, wanaopelekwa majini. Baadaye gari huiacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi la njia hiyo huwafunika abiria; wakati wa masika matope huyashika magurudumu. Mwisho wa safari hutokea mahali ambapo mgeni hashindwi kupaita mji: maduka yaliyopangana, vibanda vya chai, mashine za kusaga, misikiti na makanisa, kituo cha afya, kituo cha polisi, ofisi za serikali na pikipiki za bodaboda zisizokwisha. Hapo ndipo Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nakivale si makazi ya jana. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walipokuwa wakivuka mpaka na mifugo yao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe zaidi katika Afrika. Eneo lake, lililo kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, limegawanywa katika sehemu tatu, nazo ni Base Camp, Juru na Rubondo. Hakuna ukuta wala seng'enge. Kwa desturi ya Uganda, mkimbizi hupewa kipande cha ardhi ajenge na kulima, ingawa vipande hivyo vimezidi kupungua kadiri watu walivyoongezeka. Leo wanaishi humo watu zaidi ya laki moja na nusu: Wakongo walio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, pamoja na majirani zao Wanyankole waliokuwako tangu zamani.

Mahali penye watu wengi namna hiyo hapakosi watoto. Asubuhi, kabla jua halijakaza, vijia vya Base Camp hujaa watoto wa shule za msingi waliovaa sare za rangi mbalimbali. Lakini nyuma yao, milangoni na chini ya miti, hubaki kundi jingine ambalo halivai sare yoyote. Hao ni watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Swali linalowahusu ni dogo kulisema na kubwa kulijibu: je, mtoto huyo aende wapi mpaka atimize miaka sita?

WAJIBU WA NANI?

Nchini Uganda elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na mamilioni ya watoto waliingia madarasani kwa muda mfupi. Elimu ya awali haikupata bahati hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua kuwa ngazi ya kwanza ya elimu ya taifa, na serikali huweka mitaala, hutoa miongozo na kukagua. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaacha uendeshaji wa shule za awali mikononi mwa watu na mashirika binafsi, na gharama zake mabegani mwa wazazi.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, kwa upande wake, inamtaka mkimbizi atendewe sawa na raia katika elimu ya msingi. Ndiyo maana katika shule za msingi zinazosaidiwa na serikali ndani ya Nakivale, kama vile Kashojwa, Juru na Rubondo, mtoto wa Kikongo na mtoto wa Kinyankole huketi dawati moja. Basi katika elimu ya msingi mkimbizi na mwananchi wako sawa katika haki. Katika elimu ya awali wako sawa katika kukosa. Mwenye fedha hulipa, na asiye nazo hungoja.

Mataifa jirani yamefuata njia nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda wa mwaka mmoja, na darasa lake likawekwa katika shule ya msingi iliyo karibu. Tangu mwaka 2016 darasa hilo halitozwi ada. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, zijenge madarasa na kuajiri walimu. Njia hizo hazikukosa matatizo, kwa kuwa darasa bila mwalimu wa kutosha ni chumba tu. Lakini mzazi wa huko anajua mlango wa kubisha. Mzazi wa Base Camp hana budi kuutafuta.

MILANGO ILIYOPO

Mlango wa kwanza ni wa vituo vya watoto vilivyojengwa kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na mashirika yanayoshirikiana nalo. Miongoni mwa hayo, Windle International Uganda limekuwa na kazi kubwa katika elimu ya Nakivale. Vituo hivi ndivyo vinavyokaribia kuitwa shule za umma. Huwa na majengo imara, vyoo na uwanja wa michezo, na havibagui kabila wala taifa. Kwa mujibu wa utaratibu wa Uganda, sehemu ya huduma zinazoletwa kwa ajili ya wakimbizi huwekwa kwa ajili ya wenyeji wanaowazunguka. Basi mtoto wa mkulima wa Isingiro naye hupokewa. Udhaifu wake ni kwamba tegemeo lao ni fedha za wafadhili. Mradi una mwanzo na mwisho, lakini watoto huzaliwa kila mwaka. Mradi unapokwisha, mara nyingi jengo hubaki, na mlezi aliyekuwa akilipwa posho huenda kutafuta kibarua kingine.

Mlango wa pili ni wa vituo vya jamii yenyewe. Hivi huanzishwa kanisani, msikitini au uani kwa mtu. Kina mama kadhaa hukubaliana, humchagua mmoja wao aliyesoma kidogo, au mwalimu aliyekimbia na cheti chake kutoka Kivu au Bujumbura, wakampa watoto wao. Karo ni ndogo, na mara nyingine hulipwa kwa mahindi au kuni. Vituo hivi ndivyo vilivyo karibu zaidi na nyumba za watu. Lakini paa huenda likawa la turubai, vitabu huwa haba, na mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto wa umri wa miaka mitatu hadi saba kwa pamoja.

Mlango wa tatu ni shule za binafsi zinazotoza karo kamili kila muhula, chache ndani ya makazi na nyingi zaidi mjini Mbarara, mji ulioinuliwa kuwa jiji mwaka 2020. Huko mtoto hupitia madarasa matatu ya awali, la wadogo kabisa, la kati na la juu, akiwa na sare, daftari na kitabu chake. Wafanyabiashara wa Base Camp, walimu, askari na watumishi wa serikali wenye uwezo huwapeleka watoto wao huko. Kwa mtu anayeishi kwa mgawo wa chakula, karo ya muhula mmoja ni ndoto.

Mlango wa nne haukukusudiwa kuwa mlango, lakini ndio unaopitiwa na wengi. Mzazi humchukua mtoto wa miaka minne au mitano na kumwingiza darasa la kwanza la shule ya msingi, kwa sababu huko karo haidaiwi. Dada mkubwa humshika mkono, wakaingia pamoja. Wasiopita mlango wowote hubaki nyumbani, wakifuatana na mama shambani au wakilelewa na mtoto mwenzao wa miaka tisa, ambaye naye kwa ajili hiyo hukosa shule.

MATUNDA YAKE

Ili kuyajua matunda ya hali hiyo, yafaa kulitazama darasa la kwanza. Katika shule za makazi, watoto zaidi ya mia moja ndani ya chumba kimoja si jambo la ajabu. Baadhi yao ni wa miaka mitano ambao bado wanahitaji kujifunza kushika kalamu. Wengine ni wa miaka kumi waliochelewa kwa sababu ya vita. Mwalimu hufundisha somo moja kwa watu wasiolingana. Mwaka unapokwisha, wale wadogo hurudia darasa, na mara nyingine hurudia tena. Uchunguzi wa wataalamu wa elimu nchini Uganda umeonyesha kwamba kurudia huko darasa la kwanza kumeenea sana, na kwamba sababu yake kubwa ni ukosefu wa elimu ya awali: darasa la kwanza limegeuka kuwa chekechea isiyo na jina wala mwalimu wa chekechea. Kwa hiyo fedha ambayo taifa linadhani limeiokoa kwa kutofungua madarasa ya awali hulipwa baadaye, kwa mtoto mmoja kukalia dawati lile lile miaka miwili au mitatu.

Kwamba elimu ya awali huleta tofauti si dhana tu. Pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kutoa ushahidi. Katika miaka ya 1980 mpango wa shule za awali za madrasa ulianzia Mombasa, ukaenea Zanzibar na kisha Uganda. Katika mpango huo, jamii za Waislamu zilifungua shule zao wenyewe, zikawafunza kina mama wa hapo hapo kuwa walimu, na kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, mbegu, vitambaa na makopo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusu watoto wa nchi hizo, ulionyesha kwamba waliopitia shule ya awali waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani. Na wa shule za madrasa waliwatangulia wenzao wa shule nyingine za awali. Funzo lililomo ni hili: kilichowainua watoto hao hakikuwa jengo la fahari. Kilikuwa mwalimu aliyefunzwa, vitu vya kushika mkononi, na wazazi walioihesabu shule kuwa mali yao.

Ushahidi mwingine ulikuja kwa njia ya msiba. Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Uganda zilifungwa. Madarasa mengine yalifunguliwa kidogo kidogo, lakini yale ya awali yalibaki yamefungwa mpaka Januari 2022. Shule nyingi za watoto wadogo, ambazo hazikuwa na chanzo cha fedha ila karo, hazikufunguliwa tena. Watoto waliopaswa kuwa chekechea katika miaka hiyo miwili waliingia darasa la kwanza bila matayarisho yoyote.

LUGHA NA UJI

Base Camp ina matatizo mawili ambayo shule ya mjini haiyajui sana. La kwanza ni lugha. Mtoto mmoja huongea Kiswahili cha Kongo, wa pili Kinyarwanda, wa tatu Kirundi, wa nne Kisomali, na jirani yao Kinyankole. Mtaala wa Uganda wa mwaka 2007 unaagiza watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Lakini katika kijiji chenye lugha tano, ni ipi iliyo lugha ya eneo? Aghalabu shule hukimbilia Kiingereza, na mtoto aliyezoea kusikia habari ya Kifaransa kwa wazazi wake hujikuta ugenini mara mbili.

Hapo Kiswahili kina kazi. Kwa miaka mingi nchini Uganda kilijulikana kuwa lugha ya askari na polisi, na raia wengine walikiogopa kwa sababu hiyo. Lakini sokoni Base Camp, Mkongo na Mrundi hupatana bei kwa Kiswahili, na watoto wao hucheza mpira kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Mlezi wa chekechea anayekijua huweza kuwakusanya watoto wa mataifa manne katika wimbo mmoja, kisha akawavusha taratibu kwenda Kiingereza.

Tatizo la pili ni njaa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa toka asubuhi hadi adhuhuri bila kitu tumboni. Kituo chenye uji hujaa, na sufuria ikikosekana, mahudhurio hupungua siku ile ile. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwagawa wakimbizi wa Uganda kwa madaraja ya uhitaji, na Mei 2025 lilipolazimika, kwa upungufu wa fedha, kuwaondoa watu wapatao milioni moja katika msaada. Nyumba ikipungukiwa na unga, senti za karo ya chekechea ndizo za kwanza kukatwa.

Juu ya hayo kuna suala la walimu. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inakusudia kila mwalimu, hata wa watoto wadogo, awe na shahada. Ni lengo jema. Lakini mlezi wa Base Camp anayelipwa posho isiyotosha sabuni, na ambaye cheti chake cha Kongo hakijatambuliwa, hawezi kuifikia shahada bila kushikwa mkono. Kumdai asichoweza kukipata ni sawa na kukifunga kituo chake.

YAFAAYO KUTAZAMWA NA MZAZI

Maadamu uchaguzi umeachwa kwa mzazi, hana budi kuchagua kwa macho yaliyo wazi, akumbuke kwamba sare nzuri na jina la Kizungu mlangoni havifundishi mtoto. Kwanza, atazame choo na maji, kwa kuwa mtoto mdogo huugua haraka, na kipindupindu hakichagui shule. Pili, ahesabu watoto na walezi. Mlezi mwema huwa na watoto wachache kiasi cha kumjua kila mmoja kwa jina, na kujua leo nani hakuja. Tatu, asikilize. Darasa la chekechea lenye kimya cha kanisani lina kasoro. Watoto wa umri huo hujifunza kwa kuimba, kuhesabu mawe, kufinyanga udongo na kuuliza. Shule inayomlazimisha mtoto wa miaka mitatu kunakili ubao mzima inamchosha kabla hajaanza. Nne, aulize kama kuna uji, na kama haupo, wazazi wakubaliane zamu ya unga na kuni. Tano, atazame fimbo iko wapi. Mtoto aliyekimbia milio ya bunduki hahitaji kutishwa tena.

Na pale ambapo hakuna kituo kabisa, nyumba haikosi la kufanya. Mama akichambua maharage, mtoto ahesabu. Baba akitengeneza jembe, amtajie majina ya vyombo. Hadithi ya jioni humfundisha mtoto kusikiliza, kukumbuka na kutabiri, na hayo ndiyo mwanzo wa kusoma. Lakini lililo kubwa ni mzazi kuacha kumsukuma mtoto wa miaka minne katika darasa la kwanza. Huko hapati awali wala msingi, na hupunguza nafasi ya mwenzake aliyetimiza umri.

Familia za askari na polisi zina sababu ya kuifikiri habari ya Nakivale kwa karibu. Wao pia huhama kwa amri wasiyoitoa wao. Mtoto wao naye hufika kambini katikati ya muhula, akakuta lugha nyingine na mwalimu asiyemjua. Mara nyingi mama aliyebaki katika nyumba za kambi, mume akiwa kazini mbali, huwa katika hali ile ile ya mama wa Base Camp: karo ya mjini ni kubwa, na jirani mwenye moyo ndiye chekechea. Palipo na wake wa askari kumi wenye watoto wadogo, pana nguvu ya kutosha ya kuanzisha kituo kwa zamu, kuomba chumba kimoja kwa mkuu wa kambi, na kumtafutia mmoja wao mafunzo ya ulezi.

Hata hivyo, juhudi za wazazi hazimwondolei dola wajibu wake. Septemba 2018 Uganda ilizindua mpango wa elimu kwa wakimbizi na jamii zinazowapokea, na watoto wa umri wa awali walitajwa ndani yake. Serikali ilikubali kwa kalamu kwamba watoto hao wamo katika hesabu yake. Kinachobaki ni chumba kimoja cha awali katika kila shule ya msingi, mlezi mmoja aliyefunzwa na kulipwa, na sufuria moja ya uji. Si gharama ndogo kwa nchi inayowahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na wafadhili hawana haki ya kuiachia peke yake. Lakini ni gharama nafuu kuliko ya kulijaza darasa la kwanza kila mwaka kwa watoto wale wale.

Baadhi ya watoto waliokulia katika makazi ya kusini magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1960, Paul Kagame akiwa mmoja wao, walikuja kushika uongozi wa nchi yao. Hakuna aliyeweza kujua wakati huo, kwa kuwatazama wakicheza vumbini, ni yupi angefika wapi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto walioketi leo milangoni mwa Base Camp watatimiza miaka sita kwa siku zao, shule ikiwa tayari au isiwe tayari.